Sarafu za Fundi Saa Zilipong'arishwa

Siku hizo sikurudi safari bila zawadi ya fundi saa: kisarafu cha shaba cha zama za Biblia, kidogo kuliko kifungo cha shati. Wachuuzi wa vitu vya kale nilibishana nao bei kwa lugha tano. Yeye alikipokea kwa koleo, akabana lenzi jichoni, na saa za wateja zikasubiri.

"Usisugue kamwe," alizoea kuniambia. "Huu ukoga wa kijani umeshikana na chapa. Ukiutoa, umeondoka na uso wa mfalme."

Kila sarafu ilikuwa na kikaratasi chake: mfalme gani, liwali gani. "Labda hii ilinunua shomoro wawili," angesema, akicheka peke yake.

Macho yalipoanza kumtupa, aliwaandikia watu wa makumbusho wazichukue bure. Watoto wake hawakuzitaka, naye aliogopa kuwa akifa zitaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtaalamu, mama mmoja mpole, akaja Jumatatu. Nami nilikuwepo.

Fundi akavuta droo. Sarafu zote zilimeremeta kama sufuria mpya! Mlangoni mkewe alitabasamu, vidole vikinuka ndimu na majivu.

Mtaalamu akageuza moja, akageuza ya pili. Wafalme walikuwa wamebaki pua tu. "Nani amezisugua?"

Tabasamu la mlangoni likazimika.

"Mimi," fundi akawahi. "Uzee huu, mama."

"Pole, mzee. Hizi hatuwezi kuzipokea."

Alipoondoka, mke akaketi kwa kishindo. "Mbona umejitwisha lawama yangu? Nilitaka mgeni asitudharau. Zilikuwa kama meno ya mvuta tumbaku!"

"Huyu msafiri nimemhubiria kuhusu ukoga miaka thelathini. Wewe nilikuwa nakwambia 'usiguse' tu, basi. Kosa la nani?"

"La kwako."

"Haya, la kwangu. Sogea huku."

Akampisha kwenye kiti chake, akamwekea lenzi jichoni. Miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu mwingine akikalia kiti hicho.

"Mwenye pua hiyo ni nani?" fundi akamuuliza.

"Kaka yako mtupu."

"Ni liwali, mke wangu. Andika kikaratasi kipya."

"Nitaandika liwali. Lakini ni kaka yako."