Siku Ambazo Mgongo Ulimwamulia Rebeka

Rebeka Chenge hutengeneza matranka ya bati pale Igoma, yale masanduku ambayo wanafunzi wa bweni huondoka nayo kila Januari. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Mafundi wenzake walidhani ataitupa kabla mwaka haujaisha, lakini hakuitupa.

Kilichokaribia kumshinda ni kiuno. Kilianza kumkata msimu mmoja aliofanya kazi wiki nzima akiwa ameinama, bati likiwa chini. Alidhani kitapoa. Miaka mitano baadaye kilikuwa bado kinakuja na kuondoka kipendavyo: Jumatatu angegonga bati hadi jioni, Jumatano asiweze kufunga viatu. Picha ya hospitali haikuonyesha kitu. Shemeji yake Yakobo, mwenye banda la jirani, alimwona siku zote mbili, akawaambia wateja kwamba Rebeka huumwa siku asizotaka kufanya kazi. Hata Rebeka mwenyewe alikuwa ameanza kujitilia shaka.

Ndipo kwenye kituo cha afya akakutana na Muganyizi, mtafiti kijana kutoka Kagera, aliyekuwa akitafuta watu wenye maumivu sugu ya mgongo. Alimwamkia shikamoo, akamweleza kwamba kwa watafiti maumivu huitwa sugu yakishapita miezi mitatu, na ndani ya miezi sita iliyopita yawe yamemsumbua mtu angalau nusu ya siku zote. Je, yeye ameumwa siku ngapi?

Rebeka alihesabu moyoni, akasema kama hamsini. Muganyizi akaandika, kisha akamwambia kwa upole kwamba hazifiki nusu, kwa hiyo hawezi kumwingiza kwenye utafiti.

Rebeka alishukuru, akaanza kunyanyuka. Alishika meza kwanza, akauma meno, akajinyoosha polepole. Muganyizi akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba hapana, leo yuko vizuri, amekuja kwa miguu.

"Lakini mama, umeshika meza."

"Hii ni ya kila siku, mwanangu. Mimi nimekuhesabia siku zilizonilaza. Siku niliyofanya kazi siwezi kuiita ugonjwa, hata kama kiuno kimeniuma tangu asubuhi."

Kijana akaichukua tena ile karatasi. Waliongea mpaka muuguzi akahitaji chumba. Rebeka alimweleza kwamba kanisani husimama nyuma kwa sababu benchi linamtesa, kwamba ameacha kufua mablanketi, na kwamba hukataa oda za matranka makubwa hata siku ambazo haumwi, kwa kuogopa kesho yake. Muganyizi alikiri kwamba wiki hiyo amekwisha kuwarudisha nyumbani watu kumi na mmoja kwa hesabu hiyo hiyo.

Baada ya miezi miwili alimwalika kwenye kikao Butimba, watafiti upande mmoja na wagonjwa upande mwingine. Mtaalamu mmoja mzee alisisitiza kwamba ugonjwa lazima upimike, na miezi inapimika. Rebeka hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya wanajumuiya wenzake wa kanisani, lakini alikuwa tayari amesimama, kwa sababu ya viti.

"Ninyi mnauliza maumivu yamekaa muda gani," alisema. "Sisi tunajua ni sugu yanapoanza kutupangia maisha. Muulizeni mtu, ni siku ngapi mgongo ulikuamulia cha kufanya. Hizo pia zinahesabika."

Kisha mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kagera, Celestina, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajibu kutoka nyuma: "Mimi zote." Mzee aliyekaa karibu naye akasema za kwake, na mwingine za kwake, na mtaalamu yule akaacha kubishana, akaomba kalamu.

Swali la Rebeka liliingizwa kwenye dodoso, chini ya lile la miezi. Wale kumi na mmoja waliitwa tena, na tisa wakaingia. Rebeka mwenyewe alikabidhiwa kwa Annet, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alimfuata hadi bandani, akamtazama akifanya kazi, akamwambia kwamba kuuma kwa mgongo si dalili kwamba unavunjika. Alimfundisha mazoezi. Wakatafuta mbao, wakaunda meza inayomfika kiunoni, bati likatoka chini.

Maumivu hayajaisha, na Rebeka haambii mtu kwamba yameisha. Ila Januari hii alipokea oda ya matranka makubwa ya shule moja ya Kisesa, ya kwanza kwa miaka mitano. Kiuno kilimkata mara mbili katikati ya kazi. Mara ya kwanza alipumzika asubuhi moja kwa kupenda mwenyewe. Mara ya pili alipunguza mwendo, akaendelea. Matranka yalipokamilika aliyapaka rangi ya buluu, akayapanga kando ya barabara ya Musoma, akasimama pembeni yake amenyooka, akisubiri gari la shule lije kuyachukua.