Kadi Moja, Ngoma Moja

Siku ile naikumbuka kwa joto lake, mwanangu. Nilikuwa kijana mwenye kibanda cha kuhariri video hapa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, na kiti kilikuwa kimenishinda. Nasimama, nachungulia nje, narudi, nagusa ubavu wa kompyuta: wa moto. Nasimama tena.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia. Niliacha shule kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu, Juma na Rehema, na sote watatu tulikula kutoka kwenye kompyuta ile. Ndani yake mlikuwa na kadi ya grafiki, kile kipande kinachobeba kazi ya picha, ya bei ya chini kabisa. Mnyonge hana haki, na kadi ya mnyonge haina kasi.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa video ya ngoma ya kumtoa mwali kule Kibuta, Kisarawe. Ndugu zake wa Kurui walikuwa wanaondoka Jumamosi, na familia ilitaka waitazame wote pamoja uani kabla hawajatawanyika. Ijumaa mchana mashine ilikuwa bado inajikokota, kazi haijafika hata nusu.

"Kaka, hii kadi inatutegea," Juma akasema. Alikuwa amepata programu ya kuilazimisha iende kasi kuliko walivyoipanga kiwandani. "Tunaisukuma kidogo tu. Wenzetu wote wanafanya."

"Na ikiungua?"

"Haiungui bwana! Acha uoga wa kizee."

Nikakaa. Mkono ukashika mausi. Hapo ndipo alipoingia Mzee Kibwana, babu yake mwali na mpiga ngoma wa sherehe ile, kuulizia video yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona mnatoka jasho kama ninyi ndio mliocheza?"

Nikamweleza nilivyoweza: kuna kitu humu, tukikichochea kitawahi, au kitaungua. Ya mashine hakuyajua, wala hakujifanya kuyajua.

"Sisi ngoma tunazisogeza motoni ngozi ikaze, ilie vizuri," akasema. "Hii ikiwa motoni, ile inapigwa. Ikipasuka moja, sherehe haisimami. Ninyi mnazo ngapi?"

"Hii moja tu, babu."

Akanikazia macho. "Kijana, huna ya pili, halafu unakoka moto?"

Nikaiachia mausi. Nikamwambia ukweli kwamba Jumamosi hatutawahi. Akakunja uso, akatoka bila kuaga. Aliyenikemea ndiye niliyemvunjia ahadi! Ndugu wa Kurui waliondoka hawajaona kitu, na mama yake mwali alininyima salamu kwa muda mrefu. Juma naye alininunia. Lakini Jumatatu Rehema alikwenda shule amekunywa chai.

Miaka ikapita, tukapata kadi nyingine. Juma akaichukua ile ya zamani, akaisukuma alivyotaka. Mwanangu, haikuungua. Ilikwenda vizuri mno, na hadi leo ananicheka: "Kaka, uliona?" Niliona. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, walisema wahenga, lakini ziko zinazovuma zisipasuke, na hakuna ajuaye mapema ni ipi. Sikukataa kwa kuwa nilijua itaungua. Nilikataa kwa kuwa sikuwa na nyingine, na nilikuwa nimebeba watu.

Sasa nawe una kadi ya bei ndogo na mikono inakuwasha. Nakuelewa; mimi mwenyewe hadi leo kiti hakinikalishi. Jiulize kwanza ni nani anakula kutoka humo. Kama ni mchezo wako tu, sukuma, taratibu, huku ukitazama joto. Ujana ni kujaribu. Kama ndiyo chungu cha nyumba, ngoja upate ya pili. Na uliyemwahidi mwambie ukweli mapema, akikasirika akukasirikie wewe. Hasira ya mtu hupoa, kilichoungua hakirudi.

Mungu akupe ya pili, mwanangu, na hadi siku hiyo akuhifadhie hii moja.