Koili Iliyokufa Baada ya Modogashe

Barua ya Karimi, dada yangu mkunga, ilinifikia Isiolo ikiwa na maneno machache: homa imemlaza Garissa, na hakuna wa kumleta nyumbani. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto, na barabara ile haikupitika bila msafara wa polisi. Nikatoa gari kuukuu la marehemu baba, nikajiunga nao.

Tuliondoka alfajiri. Mkuu wa msafara alituonya, "Atakayeharibikiwa simsubiri."

Tulipita Modogashe salama. Saa tano, jua likichoma, injini ikakohoa na kuzima. Magari mengine yakanipita, nikabaki na vumbi lao.

Nilifungua boneti. Petroli ilikuwa ikifika. Nikachomoa waya wa plagi, nikauweka karibu na chuma cha injini, nikazungusha hendeli: hakuna cheche. Nikasugua platini, zile ncha zinazokata na kuunga umeme, kwa msasa, bado. Nilipogusa koili, inayozipa plagi umeme, iliniunguza vidole. Ilikuwa imechoka: ikipoa inafanya kazi, ikipata moto inakufa. Ilihitaji maji, na yangu yote nilikuwa nimeyamimina kwenye rejeta.

Mwanamke mmoja alitokea vichakani akichunga mbuzi, chombo cha maji mgongoni.

"Salaam aleikum, walaal, ndugu yangu. Gari imekufa?"

"Aleikum salaam. Joto, mama. Naomba maji kidogo."

Alikitazama kile chombo. "Kisima iko mbali sana. Lakini chukua. Halafu mimi nibeleke Garissa. Bwana yangu askari wameshika, sijui kama iko hai."

Aliitwa Habiba. Mbuzi aliwaacha kwa baba mkwe wake, mzee Abdi, bomani pale karibu. Nilichana shati, nikalilowesha, nikalizungushia koili. Baada ya muda cheche ya buluu ikaruka, na injini ikawaka. Kila ilipoanza kukohoa tulisimama, naye akashuka kulowesha kitambaa.

Saa kumi tukafika kwenye kizuizi cha jeshi.

"Kibali cha huyu?" askari aliuliza.

Hakuwa nacho.

"Ni mtu wako?"

Habiba alinigeukia. Mimi nikatazama kizuizi.

"Hapana, afande. Simjui."

Wakamshusha. Mimi nikaambiwa niende, nikaenda.

Garissa nilimkuta Karimi amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Nilipata koili nyingine sokoni. Nilipomsimulia yaliyotokea, alisema, "Wakati wa kurudi tutapita kwao."

Siku ya tatu tulirudi na msafara. Pale kizuizini niliulizia habari za Habiba. Askari walikuwa wengine, hakuna aliyemjua. Tulipofika karibu na lile boma nikaacha barabara. Mzee Abdi alikuwa amesimama mlangoni.

"Habiba iko wapi?"

Nikamweleza yote.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema simjui."

Barabarani polisi walipiga honi. Mzee aliwaita wasichana wawili wadogo waliokuwa wakikamua mbuzi.

"Hawa ni watoto yake," akasema. "Waambie wewe."

Niliwahi kudhani kwamba aliyeponza mwenzake ni yule aliyemwinulia mkono. Siku hiyo nilijua kwamba neno moja la kujiokoa linatosha.

Honi ikalia tena, kisha msafara ukaondoka. Karimi alikuwa ameshashuka garini. Nikaketi chini, wale wasichana wakaketi mbele yangu, nami nikaanza kuwaambia.