Matawi ya Mungazi Mulangoni Petu

Kuna watu hapa Kalemie ambao wakiniona sokoni wanaweka mukono mudomoni ili wasicheke, na sina haki ya kuwakasirikia, maana mimi njo ule mutoto aliyelia kilio cha baba yake wakati baba yake alikuwa kitandani anakunywa uji. Naandika kwa sababu kwa kinywa siwezi (haya zangu munazijua, hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua ninaangalia chini mpaka amuulize mwingine).

Pepinyeri yetu, kitalu cha miche, aliianzisha Papa. Kifua kilipomushinda akaacha kubeba mizigo bandarini, akaanza kupanda mbegu za machungwa, avoka na papai katika mikebe mitupu ya maziwa nyuma ya nyumba, na sisi wote tukawa wakulima wa mikebe: Mama analeta udongo mweusi wa mutoni, mimi ninamwagilia asubuhi kabla ya masomo na tena jioni. Papa alikaa pale nyuma kutwa nzima akiongea na miche kuliko alivyoongea na sisi, na kila siku aliifunika kwa matawi ya mungazi, ule muti wa mawese. "Jua la saa sita, Feza, halimuulizi mutoto jina," alisema.

Kiangazi kile kifua kikazidi, akalazwa lopitali, Mama akahamia kule kumuangalia, na miche ikabaki mikononi mwangu. Ilikuwa imeshafika kuuzwa, mizizi inachungulia chini ya mikebe, na kila nilipomupelekea Papa chakula aliuliza kitu kimoja tu, hata kabla ya kuangalia nimeleta nini: "Wameinunua?" Hakuuliza faida. Alitaka kusikia kwamba miti yake imesimama katika parseli za watu, kwenye viwanja vyao, basi.

Siku ya Posho, njo Jumamosi, salongo ya kusafisha mutaa ilipokwisha, nikaipeleka sokoni. Wamama wa pande zote wanaita wateja, wanavuta watu kwa nguo, mimi nimekaa nyuma ya mikebe yangu kimya kama mutu anayengojea kuitwa kwa daktari. Papa mumoja akasimama, akaniangalia muda. "Mama mudogo, unauza ao unachunga?" Watu wakacheka. Nikarudisha miche yote nyumbani, hata mumoja haukubaki sokoni.

Njo nikapata akili (ile akili!). Posho iliyofuata nitauzia mbele ya parseli yetu, mutu akitaka atakuja mwenyewe, sitaita mutu. Nikatoa viti na mabenchi yote ya nyumba nikapanga mikebe, lakini jua likawa kali, nikakata matawi ya mungazi nikayasimamisha huku na huku ya mulango. Kisha nikawaza, nani atajua kukata kona huku kwetu, kama mimi siiti? Nikaenda nikasimamisha matawi mengine kule njia panda, kwenye barabara kubwa, ili watu waone.

Ninyi munaosoma mumeshaelewa. Tawi la mungazi njia panda, tawi mulangoni, viti nje: kwetu hakuna mutoto asiyejua kwamba nyumba ile ina kilio. Na mimi nilijua, nimefuata matawi kama hayo tangu nikibebwa mugongoni. Lakini asubuhi ile macho yangu yaliona kivuli tu.

Muzee mumoja wa kinga akaacha kukanyaga pedali, akashuka, akavua kofia, akaisukuma kinga yake polepole mpaka akanipita.

"Pole, binti."

"Aksanti, Papa." (Siku zile kila mutu alitupa pole ya ugonjwa, na mimi nikafurahi, nikaona leo nimeheshimiwa kama muuzaji.)

Halafu akatokea Mama Chausiku, jirani yetu muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, beseni kichwani. Akaangalia matawi. Akaangalia viti. Akaniangalia mimi, kitambaa cha zamani cha Mama kichwani, udongo mpaka usoni. Beseni likaanguka, ndagala zikatawanyika njia nzima. "Woyi! Papa Feza! Umetuachia nani!"

Sasa musikilize. Njia yake ya kutoka ziwani inapita lopitali. Nikasema moyoni, analeta habari. Nikajitupa chini katikati ya mikebe nikalia, na yeye kuniona ninalia akahakikisha, na mimi kumuona anazidi nikahakikisha, hivyo tukaendelea, kila mutu shahidi wa mwenzake.

Wakajaa. Watu wa salongo walikuja na majembe yao. Wanaume walitafuta nafasi ya kukaa, wakaondoa mikebe kwenye viti wakairundika pembeni, mumoja juu ya mwingine, wengine wakaikanyaga. Wanakwaya wenzake Papa wakaanza wimbo. Mama mumoja aliyenishika mabega akaniuliza maiti itafika saa ngapi, nikashindwa kujibu, akawaambia wenzake, "Mumuache, huzuni imemufunga kinywa." (Kinywa changu! Kilifunguliwa siku gani?)

Wakati ule Mama alikuwa anarudi kuchukua shati safi la Papa. Akayaona matawi tangu njia panda, na kwa sababu alimuacha Papa muzima lopitali, na mutoto ni mimi peke yangu, alikuja mbio na kiatu kimoja. "Feza! Feza wangu!" Watu wakafungua njia, akanikamata uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa kama kipofu. Halafu akageuka.

"Nani amekufa?"

Mama Chausiku akafuta kamasi. "Si... Papa Feza?"

"Papa Feza nimemuacha sasa hivi anakunywa uji. Analalamika hauna sukari."

Wimbo ukakatika.

"Na haya matawi? Nani aliyasimamisha?"

Macho yote kwangu. "Ni... kivuli cha miche," nikasema.

Akacheka mumoja, wakacheka wote, wengine wakashika mbavu, na Mama Chausiku anaokota ndagala katika vumbi anapiga kelele, "Hizi za muchanga utazikula wewe, Feza!" Lakini bibi mumoja hakucheka. Alitema mate pembeni, akasema, "Kumulilia muzima ni kumuita."

Papa alipoambiwa alicheka mpaka kikohozi kikamukata. "Walikuja wengi?"

"Wengi, Papa."

"Nani alilia sana?"

"Mama Chausiku."

"Yule anayeniita kichaa wa mikebe!" Akafurahi kabisa. Halafu akauliza, "Na miche?"

Nikaangalia chini. Akageukia ukuta, hakuniuliza tena, si siku ile wala nyingine.

Alikufa kabla ya mvua ya kwanza. Baba mukubwa akasimamisha matawi njia panda, akasimamisha mulangoni, tukangojea watu. Hawakuja. Walipita. Kijana mumoja akaita kutoka barabarani, "Feza, leo kuna avoka?" Na mama mumoja akamujibu, "Hatudanganyiki mara mbili!" Ndani Mama analia karibu peke yake, na kilio cha mutu mumoja kinasikika vibaya sana.

Nikaondoka. Nikaenda nikasimama njia panda kando ya matawi, mimi Feza, nikaita: "Papa yangu amekufa! Leo ni kweli! Mukuje!" Nikaita hivyo mpaka sauti ikakwaruza. Mama Chausiku njo alikuwa wa kwanza kusimama. Safari hii alilishusha beseni polepole, akaliweka chini, akanishika mukono.

Miche michache ilipona chini ya lile rundo. Siku za Posho ninaipeleka sokoni, na ninaita, kwa haya zangu zote ninaita. Kivuli ninaweka kwa magunia ya zamani, tawi la mungazi sitaligusa tena hata jua liwe la kuua. Muche wa kwanza, wa avoka, aliununua Mama Chausiku, akaupanda mbele ya nyumba yake, na mimi nilipofika kwetu nikajikuta nimepitiliza moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, pale alipokuwa anakaa Papa, kumuambia wameinunua.