Mabomba Niliyoyaziba Bwawani

Halima mwanangu, katika miaka yote niliyofanya kazi kwenye lile bwawa la umeme, kuna siku moja ninayoikumbuka tangu asubuhi yake hadi jioni, na sijawahi kukusimulia. Mama yako aliijua. Nilipomwambia alicheka hadi akashika mbavu, halafu akaniuliza swali ambalo sikulijibu. Tutafika huko, usiniharakishe.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Babu yako alitaka niendeshe lori lake la Garbatulla kama ndugu zangu. Nikakataa, nikaenda zangu mbali, safari ya siku nzima kutoka Isiolo, hadi kwenye mto ambao Wazungu waliuziba kwa ukuta wa zege enzi zao. Hata wakati huo ukuta wenyewe ulikuwa mzee, mweusi kwa kuvu, umekaa katikati ya vilima viwili. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na njia nyembamba ya kupita mtu mmoja. Taa moja hapa, nyingine kule mbali, na baridi ya kuingia mifupani. Humo ndimo nilimopangiwa kazi.

Sakafuni mwa njia ile yalitokeza mabomba kumi na mawili yaliyochimbiwa hadi kwenye mwamba. Kila bomba lilitoa maji, mengine tone kwa tone, mengine membamba kama mkojo wa mbuzi. Kila asubuhi niliweka kopo kwenye bomba, nikatazama saa, nikaandika kopo limechukua muda gani kujaa. Baada ya hapo nilipiga deki, na nikimaliza kupiga deki sakafu imelowa tena. Hakuna aliyenieleza maji yale ni ya nini, na mimi kwa kiburi cha ujana sikuuliza. Kutwa nzima sauti niliyoisikia ni ya kikohozi changu mwenyewe. Nilikuwa mpweke, mwanangu, mpweke wa kuongea na ndoo.

Basi tukaambiwa mkubwa fulani anakuja kutoka Nairobi kukagua. Nikajiambia, hii ndiyo nafasi yangu. Akikuta mle ndani pakavu, pasafi, atauliza nani amefanya kazi hii, nami nitahamishwa juu kwenye mitambo, kwenye watu wanaocheka na kunywa chai pamoja. Sisi watoto wa malori tuna akili moja tu: kinachovuja kinazibwa. Tangi la dizeli likitoboka njia ya Sericho, babu yako alisugua sabuni ya kipande kwenye tundu, na lori likafika. Kwa hiyo nilichonga vigingi kumi na viwili, nikavizungushia mpira wa tyubu kuukuu, nikashuka na nyundo. Lisaa limoja na nusu hivi, kazi kwisha. Nikapiga deki mara ya mwisho, nikasimama kutazama sakafu ikikauka. Nilijipongeza kwa sauti, mjinga mimi.

Asubuhi ya pili nilimsikia Mzee Mutwiri kabla sijamwona. Yeye alikuwa Mmeru, mtu wa makamo wakati ule ingawa sisi tulimwita mzee, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukuta. Alikuwa mtu wa kutembea polepole na miraa yake shavuni. Siku hiyo alikuwa anakimbia. Alipita mbele yangu bila salamu hadi kwenye geji ya kupimia msukumo wa maji, iliyo mwisho wa njia, akaitazama, akageuka. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ni nani amefanya hii kitu?"

Nikasema ni mimi, na nilisema kwa fahari. Nilifikiri anataka kunishukuru.

"Wewe kijana, unataka kuua watu ya huko chini kwa mto?"

Akaninyang'anya nyundo. Alipiga kigingi cha kwanza, kikaruka, na maji yakamfuata kifuani kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwenye yale mabomba yangu ya tone kwa tone. Nikaelewa kwamba nimefanya jambo baya kabla sijaelewa ni jambo gani. Tuling'oa vyote kumi na viwili, tukalowa chepechepe, meno yanagongana. Kisha akaniketisha mbele ya ile geji, akaketi na yeye, akaniambia tusiondoke mpaka mshale urudi pale ulipokuwa.

Hapo ndipo aliponieleza. "Hii ukuta haijafungwa na kitu," akasema. "Imekaa tu juu ya mawe, na uzito yake. Na maji haikosi kupita chini yake, kila siku, inasukuma juu. Hapa kwa hii mashimo ndiyo inatokea. Ukiifungia, haiendi mahali. Inaanza kubeba ukuta."

Nikamwambia, lakini mzee, palikuwa pakavu, palipendeza. Akatema miraa yake.

"Mimi nikikuta hapa imelowa, naenda kulala. Nikikuta imekauka ndio naogopa."

Mshale ulirudi mahali pake jua likielekea kuzama. Hakunishtaki. Yule mkubwa alikuja, akalowesha viatu vyake vizuri vya ngozi, akatazama daftari langu na kusema panavuja sawasawa. Nilibaki kule chini miaka mingine mitatu, na Mzee Mutwiri akawa anashuka kila siku kuketi nami kidogo. Hakuwa na kazi huko. Alishuka tu.

Sasa, swali la mama yako. Alipomaliza kucheka aliniuliza, "Na wewe ukiumwa moyoni, unamwambia nani?" Nikajifanya natafuta kiatu changu chini ya kitanda.

Halima, mama yako alipofariki ulinipigia simu siku ya tatu unalia. Nakumbuka maneno yangu, na yananichoma. Nilikwambia nyamaza, wewe ni mtu mzima, mwalimu wa watu, watoto wa shule watakuonaje. Ukanyamaza. Tangu siku hiyo hujalia tena nikisikia. Unapiga kila Ijumaa kutoka huko Sericho mtandao ukikubali, unauliza, "Baba, uko sawa?" nami najibu, "Niko sawa, alhamdulillahi." Nauliza na wewe, unasema uko sawa. Tunazungumza habari za mvua, tunaagana. Miaka mitatu, mwanangu, pakavu kabisa.

Jumatatu nilikuwa kwenye soko la mifugo. Guyo, yule dereva wa lori la huko kwenu, akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana mzee, kwa yule mtoto."

Sikujua mtoto gani. Haya, nifanyeje, nilikuwa mbele ya watu. Nikasema asante, Mungu amemchukua, kama mtu anayejua. Akaendelea kunieleza. Kwamba alizaliwa kabla ya wakati wake, kwamba alikaa siku tisa, kwamba yeye Guyo ni mmoja wa walioshika jembe. Kwamba mume wako alidhani umekwisha kuniambia. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ameniambia. Nilitembea hadi nyumbani na sikumbuki njia niliyopita.

Nikakupigia. Ukasema, "Niko sawa, baba. Na wewe?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema niko sawa.

Sikulaumu hata kidogo. Habari za namna hiyo, za mimba na za uchungu, zilikuwa zinanifikia kupitia mama yako, na mama yako hayupo. Kwangu mimi ungepitia wapi? Nilikuziba mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ile ya simu, kama nilivyoziba yale mabomba.

Basi nasema leo. Siko sawa. Mama yako ninamkosa kila siku. Bado nachemsha chai ya kujaza thermosi kwa sababu sijui kupima ya mtu mmoja, na jioni naimwaga. Nyumba imekuwa kubwa. Kuna siku nasalimiana na muuza maji tu, basi, mpaka kesho. Haya, nimeyaandika.

Nasaha yangu ni hii, wala sina nyingine. Ukiumia, usikae mkavu ili watu wakusifu kwamba una moyo mgumu. Mtafute mtu mmoja umwambie, hata kidogo kidogo, hata kila siku. Na anayekulilia usimwambie anyamaze. Keti naye mpaka mshale urudi. Uwafundishe na hao watoto wako wa shule, maana mimi nilipaswa kukufundisha wewe, nikakufundisha kinyume.

Barua hii sitaituma. Jumamosi lori la Guyo linarudi Sericho, nami nitakuwa nimeketi kando yake, mifupa na vumbi na yote. Utaisoma mimi nikiwa mbele yako. Najijua: nikianza kwa mdomo, nitauliza habari za mvua.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu, mwanangu, wewe na mume wako. Amjaalie huyo mdogo awatangulie na awapokee kwa furaha, na amkute bibi yake amekwisha kumtandikia. Akupe watu wa kukusikiliza maisha yako yote, na mimi niwe mmoja wao kwa siku zilizobaki.

Ukimaliza kusoma, usiniulize kama niko sawa. Niambie jina lake. Guyo alilitaja pale sokoni, lakini masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuziba, na nimeona haya kumuuliza mtu mwingine jina la mjukuu wangu.