Hata Mnyamwezi Hubadili Bega

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo: nilivuliwa shati mbele ya vibarua wangu na mwanamke mzee asiyenifika hata begani.

Nilikuwa kijana wakati huo. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kusukuma mkokoteni pale sokoni Tabora nikanunua mashine yangu mwenyewe ya kukoboa mpunga, mtaa wa Chemchem. Sikupewa na mtu. Mteja akileta magunia hata jua limezama, nasema, "Shusha hapa. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Nilikula nimesimama. Kichwa kikagonga, usingizi ukanikimbia, kifua kikawa kama kuna mtu kakikalia. Mke wangu akiuliza, namjibu mzima. Kumbe naogopa kuanguka, na naogopa zaidi watu wasije wakajua kwamba naogopa.

Ndipo bibi yangu, mama yake mama, akaja kutoka kijijini Choma na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Vua shati."

Kibarua mmoja akasema, "Vua bwana, mkeo kashasema." Wakacheka. Nikavua. Akanipapasa mabega, akanitazama macho, kisha akaushika mkono wangu, wenyewe unatetemeka, akauacha juu ya kiganja chake mpaka kila mtu akauona. Hapo hakucheka mtu.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Asubuhi nyampara wao hakuwauliza kama ni wazima, maana mwanamume gani atakataa? Aliwaambia wageuke, awaone mabega na nyayo. Mwenye kidonda alipunguziwa mzigo. Aliyekificha, njia ilimla. Wewe nani kakwambia Mnyamwezi alibeba bila kubadili bega?"

Nikavaa shati, nikamfuata.

Akanifikisha zahanati kwa miguu. Muuguzi akanifunga kile kitambaa mkononi, akapima, kisha akapima tena. Ile mara ya pili, mwanangu, sijaisahau. Niliwaona wanangu wadogo wamekaa msibani, na msiba ni wangu. Mwishowe akasema presha iko juu sana, akashangaa nimewezaje kutembea nayo. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na nipumzike.

Nikadhani yamekwisha. Njiani bibi akauliza, "Na mdogo wako?"

Mdogo wangu alikuwa Choma na ng'ombe wake. Hatukuwa tumesemezana tangu matanga ya mama yetu, kwa maneno niliyoambiwa kayasema.

"Hilo bibi halihusiani na presha."

"Limekaa kifua kipi, basi? Unavyo viwili?"

Nikaenda Choma. Hatukuombana radhi vizuri, sisi si watu wa maneno hayo. Tulikula ugali sinia moja, akanionyesha ndama, nikalala palepale kwake mpaka jua likanichoma. Presha haikuondoka. Ninayo mpaka leo na kidonge nameza kila asubuhi, lakini naishi nayo, haiishi na mimi.

Sasa nakuona wewe na bodaboda yako. Ukiulizwa unasema freshi, macho mekundu, chakula cha mchana ni chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Juzi nilikusalimu ukacheka, kicheko chenyewe hakina pumzi. Sikulala vizuri.

Basi sikia, maana sijui kuzungusha maneno. Lala. Kula umekaa, tena na mtu. Kapime hata kama huumwi, na uende kesho kabla hujawasha pikipiki, usiniambie huna nafasi. Uliyegombana naye, mfuate ungali na miguu. Ukisali, sali kweli, usimwambie na Mungu kwamba uko freshi. Na ikikubana hofu, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie; si lazima niwe mimi, ingawa mimi nipo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hakimuumbui yeye peke yake, kinatuangukia sisi tuliobaki.

Mungu akupe njaa ya kweli na usingizi wa kweli. Akupe watu wa kukuuliza habari, na ulimi wa kuwajibu ilivyo. Uzeeke, mwanangu, unizike wewe, nisikuzike mimi.