Marando ya Digna

Digna wa Mofu hapendi watu, na hafichi. Mimi ni jirani yake mwaka wa kumi na tisa sasa, na shikamoo yangu huiitikia akiwa ameshageukia pengine. Ya Mashimba haitikii kabisa. Huyu ni Msukuma aliyehamia ng'ambo ya njia na kundi lake la ng'ombe, na Digna anamchukia kutoka moyoni.

Kila Juni, mpunga ukishavunwa na kupigwa, Digna hapumziki. Huhamia bustanini nyuma ya nyumba kuokoa marando ya viazi vitamu vyekundu alivyoachiwa na mama yake. Kijiji kizima kabaki nayo yeye tu. Yakivuka kiangazi, mvua za kwanza anayakata na kupanda shamba. Yakifa, mbegu ya mama yake imekwisha.

Mwaka huu alisomba majani ya mpunga kutoka shambani, akafunika matuta yashike unyevu. Yaliyobaki akayasokomeza kwenye uzio wa matete mpaka ukawa mnene kama godoro. Nilimsifu.

Siku ya tatu Mashimba akasimama njiani.

"Shikamoo mama."

Digna akaendelea kusokomeza.

"Mama, majani hayo ni chakula."

"Cha nani?"

"Cha ng'ombe, mama."

Digna akanyanyua jembe. "Mwaka jana mmenimalizia mchicha, leo unakuja kudai na majani yangu? Toka, kabla sijakupasua!"

Akaondoka. Sikumwonea huruma, maana huongea kama analazimishwa.

Jumapili, Digna akiwa kanisani, ng'ombe wakapita kutoka mtoni. Walianza na uzio. Walipoutafuna ukaisha, wakaingia kwenye matuta, wakala majani na marando pamoja.

Kesho yake tulikuwa mbele ya Ildefonce, mwenyekiti wa kitongoji. Digna alipiga kelele mpaka mate yakamruka.

"Alikuja kunitisha! Jirani huyu shahidi!"

"Alikutishaje? Tuambie maneno yake mwenyewe."

"Alisema... Alisema majani hayo ni chakula."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mimi nilitazama miguu yangu, kwa sababu nimelima mpunga maisha yangu yote na uzio ule niliusifu. Hatujawahi kufuga hata ndama, sisi.

Mwenyekiti alimwamuru Mashimba azibe uzio kwa miiba. Jioni alipofika na mzigo wake, Digna alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la kona, moja tu lililokanyagwa bila kuliwa. Marando yalikuwa hai chini ya majani. Alikuwa akiyafunua, na kila konzi ya majani akiirusha njiani kwa ng'ombe waliokuwa wakipita.

"Kuleni! Kuleni mpasuke!" Alikuwa analia kwa hasira.

Mashimba akatua miiba.

"Shikamoo mama."

Digna akafuta pua kwa mkono wenye udongo.

"Marahaba," alisema. "Ziba, uondoke hapa."